Huko Kote Alikokufa Ekuwom

Kalenda za mwaka huo zilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulibisha. Karatasi moja kubwa ya kung'aa, miezi yote kumi na miwili chini, na juu yake picha moja tu: mwanamke wa Kiturkana ameketi mbele ya nyumba yake, shingo tupu, macho yanatazama mbali. Zilitoka Nairobi kwa maboksi, zikashushwa Lodwar kwenye ofisi ya shirika moja la misaada ambalo jina lake tuliache lilipo. Kabla ya Krismasi zilikuwa zimeshabandikwa madukani, kwenye zahanati na kwenye hoteli za chai. Karatasi nzuri ya bure, nani ataikataa?

Aliyeitengeneza ni Nakeno, afisa mawasiliano wa shirika hilo. Mturkana wa hapo hapo, nyumba yake Nawoitorong, amesoma na kalamu yake ni kali. Akiandika habari ya kisima, mtu aliyeko Ulaya anasikia kiu. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwafanya watu wa mbali waone huruma, na wakishaona huruma wafungue mkono. Si kazi mbaya. Visima vipo, watu wanakunywa. Lakini picha ile ilikuwa na habari yake, na Nakeno aliijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana kila alipoikuta ukutani alitazama kando.

Ilikuwa mwezi wa tisa, jua la Kakuma limekaza. Nakeno na mkubwa wake, bwana Opondo, walikwenda kwenye boma moja nje kidogo ya mji, ng'ambo ya lagha, ule mto mkavu wa mchanga, kumpiga picha mama aitwaye Asinyen. Mpiga picha alikuwa Justin, Mkongo mwenye studio katika kambi ya wakimbizi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Asinyen alikuwa ameambiwa wageni wanakuja na kamera, naye akajipamba kama mtu mwenye heshima zake. Shanga nyekundu na nyeusi zilimpanda kutoka mabegani hadi kidevuni, zinang'aa kwa mafuta, na pamoja nazo alagama, ile pete ya chuma ya shingoni ambayo mke huivaa kwa ajili ya mumewe. Justin alipiga picha tano au sita. Opondo akazitazama kwenye kamera, akakunja uso.

“Huyu amependeza mno,” alisema. “Mfadhili akimwona atadhani yeye ndiye anataka kutusaidia sisi. Hizo shanga haziwezi kutoka?”

Sasa, Opondo ni mtu wa Siaya, si wa huku. Kwake shanga ni shanga, na huwezi kumlaumu mtu kwa asichokijua. Lakini Nakeno alijua. Mwanamke wa kwao mwenye mume hakai shingo tupu mbele za watu. Akikaa hivyo, mumewe amekufa, na anayepita njiani haulizi, anapita akitoa pole. Ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia Opondo, naye angesema samahani, tupige hivyo hivyo. Nakeno hakuisema. Ripoti ilikuwa imechelewa, gari lilikuwa linasubiri, na tuseme ukweli, aliona kwamba picha isiyo na shanga ingekuwa na nguvu zaidi. Jicho la kazi lilimtangulia moyo.

“Ni picha tu, dada,” alimwambia Asinyen kwa Kiturkana.

Asinyen alijishika shingo. “Na Ekuwom akiiona?”

Ekuwom ndiye mumewe. Wakati huo alikuwa ameswaga mbuzi na ngamia wake hadi Kataboi, karibu na ziwa, kwa ndugu yake, maana huku malisho yalikuwa yamekwisha.

“Ataionea wapi? Hizi zinakwenda ng'ambo, kwa wazungu. Huku hazirudi.”

Asinyen alimtazama Nakeno shingoni. Nakeno naye huvaa alagama yake, hata ofisini, na Opondo alipenda sana aivae wageni wakija kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha. Asinyen aliitazama pete ile kwa muda. Akaona huyu ni mtu wetu, hawezi kuniuza.

“Mkono wangu mimi hautavua,” alisema. “Ukitaka, vua wewe.”

Basi Nakeno akavua. Uzi mmoja baada ya mwingine, akaziweka juu ya kitambaa, na mwisho akaitoa alagama, ikaacha mstari uliopauka shingoni. Justin alishusha kamera kidogo, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, “Mama iko sawa? Minaona kama analia.” Asinyen hakuwa analia. Alikuwa ametazama upande wa ziwa. Hapo ndipo picha ikapigwa.

Njiani kurudi Lodwar, Nakeno akiwa na kompyuta magotini, Opondo aliuliza tuandike nini chini yake. Mume yuko? Yuko, lakini mbali, na mifugo. “Kwa hiyo kwa sasa yuko peke yake,” alisema Opondo. Nakeno akaandika kwa Kiingereza: Asinyen amebaki peke yake na watoto wanne. Neno kwa neno, hakuna uongo hapo. Hata mahakamani ungeshinda.

Kalenda zilikuwa za kwenda ng'ambo, kweli. Lakini zilichapishwa nyingi kupita kiasi, maboksi yakabaki, na Opondo akaona ni vibaya kuyaacha yaliwe na mchwa. Akayatia kwenye magari ya shirika, yagawiwe popote gari litakapofika, watu wajue tupo. Nakeno alikuwapo siku hiyo. Alisaini karatasi ya kuyatoa stoo.

Moja ikafika Kataboi, ikabandikwa kwenye duka la nyavu na ndoano. Mwezi wa tatu, Ekuwom aliingia dukani humo kununua tumbaku. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa ameketi pale, akamwona, na tumbaku aliyokuwa ameshika ikamwagika. Mzee yule alikuwa ameiona kalenda wiki nzima. Alikuwa ameshamlilia Ekuwom, na ameshatuma salamu za rambirambi juu, kwa watu wa Lokichoggio. Sasa maiti imeingia dukani inaomba tumbaku.

Ekuwom alisimama mbele ya ukuta akamtazama mkewe. Aliibandua kalenda, akaikunja, akaanza safari ya kurudi Kakuma. Alipofika bomani aliifungua mbele ya mama yake mzazi na Asinyen, akaitandaza chini, akaweka jiwe kila pembe isipeperuke.

“Ulikuwa unanitakia kifo?” alimuuliza mkewe. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

Asinyen alieleza mpaka sauti ikamkauka. Nani alimsadiki? Walisema mwanamke mzima hawezi kuvuliwa na mgeni kama mtoto anavyovuliwa shati, na Mturkana mwenzake asingeweza kumfanyia hivyo. Lazima alivua mwenyewe apate kitu. Mke aliyemvalia mumewe msiba akiwa hai, mkosi wake unaingia kwenye mifugo, unaingia kwa watoto. Akaambiwa arudi kwa baba yake. Watoto wanne wakabaki kwa bibi yao.

Siku ya nne Asinyen alidandia lori la mbuzi hadi Lodwar, akaulizia hadi Nawoitorong, akamkuta Nakeno anafua nguo nje.

“Ejok,” alimsalimia.

“Ejok noi,” Nakeno aliitikia, na maji yakamchuruzika mikononi, maana alielewa kabla hajaambiwa.

Asinyen alikataa kiti, akakataa chai. Alieleza yote akiwa amesimama. Kisha akasema, “Jumamosi watu wa Ekuwom wanakaa kikao. Wakimaliza kukaa, imekwisha, watoto wangu si wangu. Sitaki unga wako. Njoo useme ni nani alivua. Basi.”

“Nitakuja,” alisema Nakeno.

“Ulisema pia kwamba hazirudi huku,” Asinyen alijibu, akaondoka kutafuta lori la kurudi.

Kesho yake Nakeno aliingia ofisini kwa Opondo akamweleza. Opondo alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alichosema kwanza kilikuwa cha mtu, si cha ofisi. “Kwa nini hukuniambia siku ile? Mimi ningejuaje?” Nakeno alilibeba swali hilo wiki nzima, na lilimuuma kuliko karipio.

Halafu ofisi ikarudi. Opondo alivaa miwani yake. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumanne ijayo, na picha ile ndiyo iliyowaleta. Tusikurupuke, alisema. Tupeleke blanketi, unga na mbuzi wawili. Tuandike taarifa fupi, ya heshima. “Lakini usiandike ‘tulimvua’. Andika kwamba palitokea kutoelewana kuhusu mila. Kutoelewana hakuna mwenyewe.” Kisha akafikiri kidogo, akaongeza kwamba wakishapatana, ingefaa Justin awepo, awapige picha mke na mume na watoto, wanacheka.

Nakeno akaiandika taarifa. Na wallahi aliiandika vizuri. Ilianza kwa masikitiko, ikapita kwenye heshima ya shirika kwa mila za wenyeji, ikaishia kwenye matumaini, na ukiisoma mara tatu hujui aliyefanya nini. Alipoimaliza alijisikia ametulia kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake kila akimaliza kazi nzuri, na papo hapo akajichukia kwa kutulia kule.

Jumamosi alifika Kakuma mapema, akapitia kwa Justin kambini. Justin alikuwa ameitafuta ile picha ya kwanza, ya Asinyen na shanga zake zote, akaisafisha, kubwa. “Hii ndiyo ya kweli,” alisema. “Ile ingine nilipiga mimi, lakini sikulala vizuri juu yake. Twende wote.”

Watu waliketi uani bomani kwa Ekuwom, wanaume kwenye viti vyao vidogo, wanawake upande wa pili chini. Asinyen aliketi mbali, karibu na ua, na watu wa baba yake. Watoto wake walikuwa ng'ambo ya pili na bibi yao, na aliye mdogo kabisa alikuwa anashikwa mkono asikimbilie kwa mama. Blanketi na unga vilibaki ndani ya gari, na wale mbuzi pia. Nakeno hakuwa na uso wa kuvishusha.

Alisimama akasoma taarifa, akiigeuza Kiturkana. Masikitiko, mila, heshima, matumaini. Wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaitoa picha ya Justin, ikapita mkono kwa mkono.

“Hii ni nzuri,” alisema ndugu mmoja wa Ekuwom. “Lakini inatuambia nini? Kwamba kuna siku alikuwa na shanga. Sote tunajua alikuwa nazo.”

Mama yake Ekuwom, Arupe, ni mwanamke mwembamba, mjane wa miaka mingi, shingo yake mwenyewe imebaki na nyuzi chache tu. Aliinuka taratibu akaja mpaka mbele ya Nakeno, akamtazama kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

“Binti, una mume?”

“Ninaye, mama.”

“Yuko wapi?”

“Anaendesha lori. Leo yuko njia ya Nadapal.”

“Njia mbaya ile,” alisema Arupe. “Naona umevaa alagama yake. Na unasema ile ya mke wa mwanangu ilikuwa ni nini? Hebu rudia, sikukusikia.”

“Palitokea kutoelewana, mama. Ilikuwa ni picha tu.”

“Ni picha tu.” Arupe alimgeukia Justin. “Wewe Mkongo, una mashine yako?” Justin alikuwa nayo. “Basi toa. Na wewe binti, vua hiyo alagama, uketi pale, shingo tupu, tukupige. Tutaibandika kwenye duka moja tu. Si ni picha?”

Nakeno aliinua mkono akaishika pete yake. Aliisikia jinsi ilivyokuwa ya moto kwa jua. Alimfikiria Ekai, mumewe, kwenye barabara ile ya majambazi, ameshika usukani, labda anaimba, maana huimba akichoka. Vidole vyake vilifika penye kiungo cha pete vikakataa. Alijaribu tena. Aliogopa, woga wa kitoto, woga wa kweli, na hakuna kitabu alichokisoma Nairobi kilichomsaidia hapo.

“Siwezi,” alisema.

“Kwa nini?”

“Mama, yuko njiani. Siwezi.”

Arupe alitikisa kichwa polepole. Hakuonyesha ushindi wowote. “Basi ulijua,” alisema.

Ile taarifa ilikuwa bado mkononi mwa Nakeno. Aliikunja akaiacha.

“Nilijua,” alisema. “Nilijua siku ile ile. Mkubwa wangu hakujua, na sikumwambia. Asinyen alikataa kuvua. Alisema mkono wake hautavua. Nilivua mimi, kwa mikono hii, uzi kwa uzi, na alagama nikaitoa mimi. Nikamdanganya kwamba picha haitarudi huku. Halafu nikasaini kalenda zirudi. Nilimwondolea mumewe akiwa hai, nikaandika amebaki peke yake. Yeye hakumtakia Ekuwom kitu. Aliuliza tu, ‘Na Ekuwom akiiona?’ Hilo ndilo neno alilosema.”

Justin akasema, kwa sauti ya chini, “Nilikuwa pale. Ni vile.”

Ekuwom aliinama muda mrefu, fimbo yake inachora mchanga. Mtu mrefu, mkavu, aliyetembea siku nyingi akiwa amebeba kifo chake mwenyewe kimekunjwa kwapani. Hatimaye alimwita mama yake, na mama yake akaingia nyumbani akatoka na kitambaa. Shanga zilikuwa humo, na alagama. Siku aliyofukuzwa, walimvua tena Asinyen, safari hii kwa hasira. Arupe alimvisha mkwewe yeye mwenyewe, nyuzi zote, akinyoosha kila mmoja. Alagama alimpa Ekuwom, na Ekuwom akaivisha bila kumtazama Nakeno. Yule mtoto mdogo aliachiwa mkono.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mbuzi angechinjwa kesho yake, wa kumwosha Ekuwom ile habari ya kufa, na mambo mengine yangechukua muda wake, kama yanavyochukua kwa watu waliokwisha kutiliana shaka. Justin aliiweka kamera yake ndani ya mfuko.

Nakeno aliaga. Ekuwom akamwita alipokuwa anafika langoni, na hii ndiyo mara ya kwanza kumwambia neno.

“Mimi nimekufa Kataboi,” alisema. “Nimekufa Lokichoggio. Nimekufa hapa mjini na hata huko kwenu Lodwar, watu wananitazama kama mzuka. Huko kote nilikokufa, nenda ukanifufue. Nyumba kwa nyumba. Usitume mtu.”

Kwenye gari simu iliita. Opondo aliuliza taarifa imepokelewaje. Nakeno akamwambia ukweli, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba usiku huo huo atawaandikia wafadhili mambo hayo hayo kwa jina lake mwenyewe. “Basi Jumatatu usije,” alisema Opondo, bila ukali, kisha akaongeza, “Pole, Nakeno,” na akakata. Dereva aliambiwa arudi na gari Lodwar. Nakeno akashuka na kushika njia ya kambini kwa miguu.

Duka la kwanza lilikuwa la Adhel, mama wa Sudan Kusini anayeuza unga, sabuni na mafuta ya kupima. Kalenda ilikuwa juu ya mizani, imeshika vumbi kidogo pembeni, na chini yake msalaba mdogo wa mbao umetundikwa kwa msumari. Nakeno alisalimia akaomba kalenda ile aibandue.

“Hapana, hiyo acha,” alisema Adhel. “Huyu mama mimi naombea yeye kila asubuhi. Jirani yangu Mturkana aliniambia, ona shingo yake, mume amekufa. Hata mimi wangu alikufa, kule Bor. Kwa hiyo nikifungua duka, kwanza naombea yeye, kisha naombea mimi.”

“Tangu lini?”

“Tangu Krismasi.”

Huyu hakuwa mzee wa ukoo, wala hakumdai kitu, na kumwambia yeye kulikuwa kugumu kuliko kule uani. “Mume wake yuko hai,” alisema Nakeno. “Nimetoka kwake sasa hivi. Shanga nilimvua mimi, ili picha itie huruma. Nilidanganya, mama. Nakuomba unisamehe.”

Adhel aliweka chini kile kikombe cha kupimia mafuta. Alimtazama Nakeno, akaitazama picha, akarudi kumtazama Nakeno. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

“Sasa hiyo maombi yangu yote,” aliuliza, “ilikuwa inaenda kwa nani?”

Adhel alipanda juu ya gunia la unga, akang'oa visumari vinne vya kalenda kimoja kimoja, taratibu asiichane karatasi, akaikunja akampa. Ukutani pakabaki mraba mweupe ambao vumbi halikufika. Nakeno akaiweka kalenda kwapani, akashukuru, akaenda duka la pili.